Fimbo ya Shaba Nyuma ya Jiko

Joëlle aliinua nyundo mara ya thelathini na moja, akaishusha juu ya kichwa cha fimbo. Fimbo haikusogea. Alikuwa akihesabu kila pigo kama Fundi Djamali alivyomwagiza: mapigo kumi, pumzika, mimina maji kidogo, kisha kumi tena. Mapigo ya mwanzo yalikwenda vizuri. Ulikuwa mwezi wa saba, mvua haijanyesha Kindu kwa wiki nyingi, na udongo wa juu ulikuwa mkavu na laini kama unga wa muhogo. Kisha fimbo ikasimama. Ikatoa mlio mwingine kabisa, mlio wa chuma kilichokutana na jiwe, na mlio ule ukapita kwenye mpini wa nyundo mpaka ndani ya meno yake.

"Inashuka?" Fundi Djamali aliuliza kutoka juu ya bati.

"Inashuka, Papa Djamali."

Haikuwa kweli. Fimbo ilikuwa na urefu wa mita moja na nusu, na sehemu iliyoingia ardhini haikuzidi urefu wa mkono wake.

Fimbo hiyo ya chuma kilichopakwa shaba ilikuwa sehemu ya kazi kubwa iliyoanza siku mbili kabla. Mama yake Joëlle, Mama Claudine, alisambaza mikate kila asubuhi kutoka tanuri la mtaa wa Kasuku hadi maduka ya mtaa wa Mikelenge. Kwa miaka mingi alitumia pikipiki ya petroli, lakini petroli ya Kindu ni ghali, na treni ikichelewa haipatikani kabisa. Baba yake Joëlle, Anaclet, aliyekuwa akifanya kazi mji wa Kampene, alisaidia kununua pikipiki ya umeme. Sasa Fundi Djamali alikuwa akifunga paneli nane za sola juu ya paa, betri na onduleri, mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, ndani ya nyumba, na chaja ya pikipiki kwenye ukuta wa baraza.

"Na hii fimbo ni ya nini?" Joëlle alikuwa ameuliza asubuhi.

"Hii njo mlinzi," fundi alijibu. Alikuwa mtu mzima wa maneno machache, mwenye kofia nyeupe ya kufuma na penseli nyuma ya sikio. "Chaja ikivujisha umeme, waya huu wa kijani unaubeba na kuuteremsha ardhini kwa fimbo. Bila fimbo, umeme utamtafuta mtu wa kumpitia. Lazima ishuke yote, maana unyevu uko chini. Juu ni vumbi tu."

Joëlle aliomba aipige mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na miwili, alipenda kazi za mikono, na fundi alikuwa peke yake siku hiyo. Fundi alizunguka nyumba akiangalia ardhi, akachagua kona ya nyuma ya jiko, palipoota mchaichai mzito wa kijani.

"Hapa majani hayajakauka," alisema. "Chini kuna maji."

Joëlle alitaka kusema jambo. Mchaichai ule ulipandwa na Koko, bibi yake mzaa mama, naye alikataza usiguswe. Majirani walipoomba majani ya chai, Koko aliwapa pesa wakanunue sokoni. Watoto walipokimbilia kona ile, aliwaita kwa sauti kali: "Tokeni pale! Kuna siafu!" Joëlle hakuwahi kuona siafu hata mmoja pale. Lakini Koko alikuwa ameenda soko la Kasuku, Mama alikuwa kwenye mikate, na Joëlle alikwisha kukabidhiwa nyundo. Akanyamaza.

Sasa alitazama fimbo iliyokwama. Shuleni watoto walikuwa na maneno yao kuhusu miaka ya vita: kwamba wakati ule watu walizikwa popote, nyuma ya nyumba, kando ya njia, chini ya miguu ya walio hai. Je, lile lilikuwa jiwe kweli? Alishika fimbo akaitikisa. Huko chini kitu kikakwaruza, taratibu, kana kwamba kilikuwa kimelala na sasa kimegeuka.

Akaiachia haraka.

"Nakwenda kusali adhuhuri na kula kidogo," fundi alisema akishuka ngazi. "Nikirudi nikute kichwa kiko sawa na ardhi, sivyo?"

"Ndiyo, Papa."

Alipoondoka, Joëlle alichukua msumeno wa chuma kutoka kwenye sanduku la vifaa. Alikata fimbo kwa muda mrefu, akitokwa na jasho, bila kutazama majani yaliyomgusa miguuni. Kipande kirefu alikificha ndani ya gunia la makaa. Kisha akakigonga kichwa kipya mara tano kwa nyundo, ili kionekane kimepigwa sana.

Fundi aliporudi aliinama, akakitazama, akatabasamu.

"Ah, binti yangu! Mikono midogo, lakini nguvu ya mwanaume wa bandarini."

Akaunga waya wa kijani, akafukia, akaenda kumalizia kazi ya paa. Joëlle alitamani asingesifiwa.

Jioni ile chaja iliwaka taa yake ya kijani. Mama Claudine, aliyefika amechoka na mwenye unga kwenye nyusi, alipiga makofi. Aliunganisha waya kwenye pikipiki, akashika usukani. Mara akavuta mkono.

"Hm! Nini hii? Kama siafu wanatembea ndani ya ngozi."

"Labda ni jasho lako," alisema jirani aliyekuja kutazama, na watu wakacheka.

Okito, mdogo wake Joëlle mwenye miaka mitano, aliweka kiganja chake kwenye chuma cha pikipiki. Alikuwa peku. Akaruka nyuma akilia: "Imeniuma! Mama, pikipiki inauma!"

Wakati huo Koko aliingia uani na kapu la samaki kichwani. Jina lake lilikuwa Marie-Louise, lakini mtaa mzima ulimwita Koko. Hakuwatazama. Alikuwa akitazama waya wa kijani uliotoka barazani, ukafuata ukuta, ukapinda nyuma ya jiko. Aliufuata polepole. Walimsikia akitua kapu chini.

"Nani alichimba hapa?"

Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata Okito aliacha kulia.

"Ni fundi, Mama," alijibu Mama Claudine. "Alitafuta pahali penye unyevu. Kuna shida?"

Koko alichuchumaa, akaanza kusawazisha udongo kwa viganja, kama mtu anayetandika kitanda.

Tangu siku ile nyumba ilibadilika. Koko hakula ila uji. Aliketi karibu na mchaichai asubuhi hadi jioni, na alipodhani yuko peke yake alizungumza. Joëlle, akiosha vyombo upande wa pili wa ukuta, alisikia jina moja likirudiwa: Mado. "Mado, mutoto wangu. Mado, si mimi niliyekupiga." Na kila mara pikipiki ilipochajiwa, chuma chake kiliuma. Siku nyingine kilitekenya tu; siku nyingine kilichoma kama sindano.

Habari zilitoka nje ya ua. Princesse, rafiki yake Joëlle, alimkuta bombani.

"Eti pikipiki yenu iko na pepo?"

"Nani amesema?"

"Kila mtu. Eti mlichokoza mfu, sasa anapanda na mama yako nyuma, bila kulipa!" Princesse alicheka, lakini alipoona uso wa Joëlle, akaacha. "Nilikuwa natania tu. Lakini mimi, mikate ya pikipiki ile, sitakula."

Wengine pia hawakutaka kuila. Duka moja la Mikelenge lilimwambia Mama Claudine asilete tena. Alirudi nyumbani na sinia iliyojaa, akaketi barazani bila kuvua viatu.

Kisha Koko akatoa sanduku lake la bati chini ya kitanda.

"Nakwenda Kibombo kwa dada yangu," alisema. "Siku ya treni nitaondoka."

"Mama, utarudi lini?" Mama Claudine aliuliza.

"Sirudi. Nikiwa hapa hatatulia. Ni mimi anayenikasirikia."

"Nani, Mama? Nani anakukasirikia?"

Koko alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. Joëlle alisikiliza akiwa mlangoni. Koko alikuwa amemlea tangu azaliwe. Alilala ubavuni mwake. Na sasa angeondoka kwa sababu ya mfu mwenye hasira, na katika nyumba ile yote ni Joëlle peke yake aliyejua kwamba fimbo haikufika chini. Alijiambia kwamba akisema sasa, fundi hatamwamini tena, Mama atamchapa, na bado jiwe litakuwepo, na kilicho chini ya jiwe. Akanyamaza siku nyingine mbili. Hazikuwa siku nzuri. Alipolala alisikia kile kitu kikikwaruza.

Siku moja kabla ya treni, adhuhuri, Okito alikuwa anaoga kwenye beseni. Pikipiki ilikuwa barazani, imeunganishwa kwenye chaja. Mpira wa Okito ulibingirika, ukasimama kati ya gurudumu na ukuta. Joëlle alikuwa akichagua mchele. Aliinua macho akamwona mdogo wake akikimbia, uchi, maji yakimtiririka mwilini, miguu imelowa kwenye saruji, mkono umenyooshwa.

"Okito! Usiguse!"

Mchele ulimwagika. Alimkumba kiunoni kabla vidole havijafika kwenye chuma, wakaanguka wote wawili. Okito alipiga kelele kwa hasira. Joëlle alimshikilia kifuani, na aliponyanyuka, aliikimbilia chaja akazima swichi yake kubwa.

Mama na Koko walitoka mbio.

"Kuna nini?"

Joëlle alikwenda kwenye gunia la makaa, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa kipande kirefu cha fimbo, cheusi kwa vumbi. Akakilaza miguuni pa mama yake.

"Hakuna pepo," alisema, na machozi yakaanza. "Ni mimi. Nilikata. Ilikwama juu ya jiwe nikaogopa, nikamwambia Papa Djamali imeshuka. Nilimdanganya. Umeme hauna pa kwenda. Koko, usiende Kibombo. Hakuna mtu anayekukasirikia. Ni mimi nilikata fimbo."

Mama Claudine alitazama kipande kile, kisha akamtazama Okito aliyekuwa bado anadondosha maji. Alielewa polepole.

"Siku nane," alisema. "Siku nane umeona huyu mutoto akizunguka hapa."

"Ndiyo, Mama."

Hakumchapa. Alichukua simu akampigia fundi.

Fundi Djamali alifika kwa baiskeli. Alisikiliza yote amesimama, mikono nyuma. Hakupandisha sauti. Kwanza alifungua sanduku lake na kuhakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme popote kwenye chaja wala kwenye pikipiki. Kisha akachimbua kichwa cha fimbo, akaitikisa kwa vidole viwili. Ilicheza kama jino la mtoto.

"Kumbe," alisema. Akavua kofia, akamgeukia Mama Claudine. "Mama, kosa hili lina watu wawili. Kipimo cha kuonyesha kama umeme unashuka ardhini ninacho. Siku ile nilikuwa na haraka ya kumaliza paa, nikatazama kichwa cha fimbo, nikasema inatosha. Sikupima. Mutoto alidanganya, lakini mimi njo niliyelipwa ili nisidanganyike. Naomba msamaha."

Kisha akachuchumaa mbele ya Koko, aliyekuwa ameketi kwenye sanduku lake la bati.

"Na wewe Mama, naomba msamaha pia. Nilipiga chuma kwenye uwanja wako bila kukuuliza. Sitauliza kuna nini pale. Nionyeshe tu pahali pengine."

Kuku walikuwa wakila mchele uliomwagika na hakuna aliyewafukuza.

"Ni mawe ya msingi," Koko alisema mwishowe. "Niliyabeba mimi mwenyewe, kutoka kwenye nyumba tuliyoshindwa kuimaliza. Niliyapanga ili mbwa wasimfikie."

"Wasimfikie nani?" Mama Claudine aliuliza, ingawa uso wake ulionyesha ameanza kujua.

"Mardochée."

Mardochée, ambaye nyumbani alikuwa Mado, alikuwa mdogo wake Mama Claudine. Joëlle alimjua kwa jina la Mardochée tu. Kila mwezi wa kumi na moja familia ilikwenda makaburini kupalilia kaburi lake na kupaka chokaa msalaba.

Koko alisimulia huku akiangalia mikono yake. Ulikuwa mwaka wa 2002. Mji ulikuwa umezungukwa na wapiganaji, na aliyethubutu kwenda shambani hakujua kama atarudi. Watu walikula majani bila chumvi. Claudine, wakati ule msichana wa miaka kumi, alikuwa ng'ambo ya mto kwa shangazi yake, na mitumbwi haikuvuka. Mado alikuwa na miaka saba. Alishikwa na homa na kuhara. Zahanati ilikuwa imefunguliwa, lakini ndani mlikuwa na meza tu. Alikufa siku ya tatu, mchana, akiomba maji.

"Njia ya makaburi ilikuwa na bunduki," Koko alisema. "Baba yenu alikuwa amekimbilia msituni. Majirani walijifungia. Nilichimba peke yangu kwa jembe pale nilipokuwa namwaga majivu. Nilimfunga ndani ya mkeka. Claudine, uliporudi ulikuwa umekonda, ukaniuliza wapi kaburi. Niliona haya. Mama gani anamzika mutoto wake pahali pa majivu? Nikakuambia watu wa kanisa walimpeleka. Halafu ilibidi nitengeneze msalaba."

"Na chini ya ule msalaba?"

"Hakuna mtu, mwanangu. Miaka yote hii tumepaka chokaa udongo mtupu."

Mama Claudine aliweka kiganja mdomoni. Joëlle aliogopa kwamba angepiga kelele. Badala yake alikwenda akaketi chini, akalaza kichwa kwenye magoti ya mama yake kama mtoto mdogo, na Koko akaanza kumpapasa nywele zenye unga.

"Nilifikiri ile siafu ya kwenye chuma ni yeye," Koko alinong'ona. "Nilifikiri anasema, utanificha mpaka lini."

Fundi alisubiri kwa adabu mbali kidogo. Waliponyanyuka, alimwita Joëlle akaketi naye kwenye ngazi.

"Sikiliza, binti yangu. Kuogopa si kosa. Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na saba, na kila siku naogopa umeme. Woga huo njo umeniacha hai, kwa sababu nausema. Ungeniambia, 'Papa, imekwama, naogopa,' ningeshuka, tungemngoja Koko, tungepoteza mchana mmoja. Lakini ulisema 'inashuka'. Ukishasema hivyo, lazima ukate. Ukishakata, lazima ufiche. Na aliyekuwa anakwenda kulipa si wewe, ni Okito."

"Nimeelewa, Papa."

"Bado. Utaelewa kwa mikono. Inuka."

Koko mwenyewe aliichomoa fimbo fupi. Hakutaka nyundo wala koleo. Aliizungusha taratibu mpaka ikatoka, akalifunga tundu kwa udongo, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akatembea hadi mbele ya nyumba, upande wa bafu, akasimama.

"Hapa. Hapa hakuna mtu. Nakuambia kweli."

"Nakuamini, Mama," fundi alisema, "na nitachimba kidogo kwanza kuangalia."

Mama Claudine aliwaza kwenda parokiani kumwuliza padri namna ya kumwekea Mado msalaba nyuma ya jiko, na la kufanya na ule mwingine. Lakini jua lilikuwa limekwisha shuka nyuma ya paa za Kasuku, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuvaa viatu.

Joëlle alipiga fimbo mpya ambayo fundi alikuja nayo. Mapigo kumi, maji, pumziko. Upande huu udongo ulikuwa mgumu na fimbo ilishuka kwa unene wa kidole tu kila baada ya mapigo kadhaa. Viganja vyake vilitoka malengelenge. Alipokosa kichwa cha fimbo mara mbili kwa sababu ya giza lililoanza, fundi aliinua mkono.

"Basi. Imebaki kiasi gani?"

Joëlle aliweka utepe wa kupimia. "Sentimita sitini na nane. Na kwa mapigo haya ya mwisho haikushuka vizuri, Papa. Sijui kama ni jiwe."

Fundi alipima mwenyewe, akaandika kwa penseli ukutani: 68.

"Kama ni jiwe, asubuhi tutasogea. Chaja isiwashwe."

"Na mikate?" Koko aliuliza.

"Nitatembea," Mama Claudine alisema. "Joëlle atabeba sinia ya pili."

Koko alifunga kitambaa chekundu kwenye fimbo ili mtu asijikwae. Sanduku la bati lilikuwa bado barazani. Joëlle na mama yake walilishika kila mmoja upande wake, wakalirudisha ndani.